Santuri Zilizofukuza Kwelea

Makole, Dodoma
Jumapili, jioni

Mwanangu Lameki,

Barua za watu wengine huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umetoka hapa saa kumi, umevaa shati jeupe ambalo mama yako alilipiga pasi mara mbili, ukasema unakwenda kuaga rafiki zako, na ukirudi utakuwa umeshiba soda na ahadi. Yangu nayo unaijua. Niko kwenye kibanda cha ufundi, mlango nimeurudisha nusu, redio ya mwalimu iko mbele yangu tumbo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe ninajifanya ninatengeneza kitu kumbe ninaandika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala kuficha nauli kwenye soksi, wala ukae na nani na usikae na nani. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatano, na aliyoyasahau atayasema kesho asubuhi gari likiwa linaunguruma. Mimi nataka kukuandikia habari za santuri. Najua utasema baba kaishiwa maneno. Vumilia. Kesho unakwenda kufanya kazi kwa mtu anayekusanya santuri za Kibrazili, na katika nyumba hii mimi ndiye niliyeanza ujinga huo.

Hadithi ya kambi unaijua, ila unaijua jinsi ninavyoisimulia wageni wakiwepo, na wageni wakiwepo mimi huwa shujaa kidogo. Ukweli ni kwamba Wabrazili walipokuja kujenga barabara, mimi niliajiriwa kuosha vyuma kwa dizeli. Basi. Ufundi niliuiba kwa macho. Fundi wa greda aliitwa Zeka, mtu mfupi, mwenye nywele nyingi masikioni kuliko kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno manne, matatu kati yake ya kuomba spana. Jumamosi jioni aliweka pleya yake juu ya boneti ya greda na kupiga santuri zilizokuwa zikiletwa pamoja na vipuri kutoka kwao.

Sijui nikuelezeje wewe uliyezaliwa ukizisikia. Mle ndani kulikuwa na ngoma moja inalia kama mbuzi aliyefungiwa nje, na chini yake ngoma kubwa inatembea taratibu kama mtu anayejua anakokwenda. Mama yako alikuwa anauza uji pale langoni. Siku ya kwanza kusikia, aliweka kata chini, akasikiliza, akasema, "Hawa wamewahi kupita kwetu. Hiyo ni muheme, wameichelewesha tu." Mama yako amepiga ngoma ya muheme na wanawake wenzake tangu akiwa msichana, kwa hiyo sikubishana naye. Nilinunua uji. Ndivyo nilivyooa.

Kazi ilipokwisha kambi ikavunjwa, na Wabrazili wakagawa walichoona hakifai kusafirishwa. Masufuria, makoti ya mvua, vitanda vya chuma, na santuri. Kila kibarua alipata fungu lake, awe ana pleya au hana. Mimi Zeka alinipa pleya yenyewe, na santuri moja aliyoipenda, ile yenye picha ya kiti kitupu kimewekwa uani. Nikamwuliza kwa mikono, je, wewe utabaki na nini? Akacheka. Alinionyesha rundo la matofali yaliyobaki kwenye msingi wa bweni, akaonyesha mbali kwa kidole, upande wa kwao, akasema, "Nyingi. Nyingi, nyingi." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la nne.

Nikamwamini. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, na halikuonekana kama kosa. Mtu akikwambia kitu ni kingi, unalala usingizi.

Halafu ikaja ile miaka maduka yalipofunguliwa na kila kitu kikaruhusiwa kuuzwa. Watu walishangilia vilivyokuwa vinakuja: sabuni zinazonukia, mitumba, redio kaseti zenye taa za rangi. Fundi naye yuko mahali pabaya, maana yeye huletewa vilivyokufa. Nikaanza kuona vinavyoondoka. Redio za mbao zikaacha kuletwa. Kisha betri za aina fulani. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyezika. Nilikwenda Dar kutafuta sindano za pleya, mwenye duka akanitazama kama nimemuulizia marehemu.

"Mzee, mashine za hizo zinafungwa," akasema. "Ulaya zimefungwa. Brazili nako wanafunga. Sasa ni kanda, na kesho ni visahani vinavyong'aa."

Aliniuzia sindano zote alizobaki nazo, upesi upesi, akashusha shata kabla sijavuka barabara. Nilirudi Dodoma na sindano mfukoni na neno la Zeka kichwani. Nyingi, nyingi. Nikajiuliza zile walizogawiwa wenzangu ziko wapi.

Zilikuwa mashambani. Wewe umezoea, lakini mtu wa Dar ukimwambia hatakuelewa. Kibarua wa Kondoa au wa Chamwino anarudi nyumbani na santuri tano, hana pleya, hana umeme, na mtama wake unaanza kukomaa. Kwelea wanakuja kama moshi. Anayo mikononi mwake duara jeusi, jepesi, linang'aa, na tayari lina tundu katikati. Ungefanya nini? Wakazitungia kamba wakazifunga mti kwa mti, na upepo wa kwetu ukafanya kazi ya mota. Zilizunguka mchana kutwa bila sindano. Ndege waliziogopa. Nimepita shamba moja kule Chamwino, nikaona kwaya nzima ya Wabrazili inageuka juani bila sauti, nikakaa chini nikacheka hadi mwenye shamba akaja na fimbo.

Nilianza kuzibadilisha kwa makopo. Kopo la maziwa lenye kokoto ndani linatisha ndege vizuri zaidi, nilisema hivyo na ni kweli. Nilibeba makopo kwenye baiskeli hadi watoto wakanipa jina ambalo sitaliandika. Zile za kwanza nilizozipata niliziosha kwa sabuni ya kipande, nikazipanga juu ya bati zikauke, mwezi wa kumi, saa saba mchana, nikaingia ndani kula. Nilipotoka nilikuwa na mabakuli. Jioni mama yako alitupakulia karanga ndani ya mojawapo, akaniwekea mbele yangu, na hadi leo akitaka kunikumbusha kitu huleta karanga.

Sasa nikukumbushe Busi, kijiji kile cha Kondoa. Ulikuwa na miaka kama kumi na miwili. Bibi Zaituni alikuwa na shamba lake pale chini ya kilima, mjane, marehemu mumewe alikuwa akiponda kokoto pale kambini kwetu. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu. Alisikiliza habari za makopo, akaniangalia baiskeli, akaniangalia viatu.

"Mgogo wewe, umetoka Dodoma mpaka hapa kwa ajili ya vifuniko?"

"Si vifuniko, bibi. Ni muziki."

"Umewahi kuvisikia vikiimba?"

"Ndiyo."

"Basi inatosha. Ukivichukua, wewe utakula muziki, na mimi mtama wangu utaliwa na ndege. Nenda zako, mtani wangu, kabla sijakufunga wewe kwenye kamba."

Mwaka uliofuata nilikwenda na wewe, kwa sababu mama yako alikuwa hospitali na sikuwa na pa kukuacha. Wewe ulishuka kwenye baiskeli, ukatembea mpaka alipokuwa ameketi, ukainama, ukasema, "Shikamoo bibi," na ukabaki umeinama. Hukuinuka mpaka alipoitikia. Hakuna aliyekufundisha kungoja vile. Yule bibi alikushika kichwa, akakuuliza jina, akakata kamba mwenyewe kwa jembe lake. Alikupa mbili, zile zilizokwaruzwa kidogo kuliko zote, akabakiza nyingine zifanye kazi. Mimi makopo yangu aliyakataa. Aliyapokea baadaye, kwa kukuonea huruma wewe uliyeyabeba.

Nimeyafikiria sana hayo wiki hii. Kaa nayo, nitayarudia.

Bwana Desideri alikuja kipindi cha Bunge, nyumba za wageni zikiwa zimejaa na kila mtu mjini amepandisha bei. Gari lake lenye vioo vyeusi halikuwa na vumbi, na huo ni ulozi katika mji huu. Alikuwa amesikia kwamba Makole kuna fundi mwenye santuri za Kibrazili. Aliingia hapa kibandani, akakaa kwenye kigoda chako, akaomba asikilize.

Sitamsingizia. Katika maisha yangu sijakutana na mtu anayeusikia muziki ule kama yeye. Ile ngoma ya mbuzi ilipoanza kulia, alifumba macho, na machozi yakatoka, mwanangu, machozi kweli. Akataja mji ilikorekodiwa. Akanieleza kwamba huko Brazili kwenyewe maghala yanafagiliwa, mashine zinauzwa chuma chakavu, na katika muda mfupi mtu atatafuta santuri ya kwao asiione. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mingi na ugonjwa wangu peke yangu. Ghafla daktari kaja, naye ni mgonjwa. Nilifurahi hadi nikajisahau. Nikamtajia nilikozitoa, kijiji kwa kijiji, na nani ana nini bado kwenye kamba. Sikuombwa. Nilijisifu tu.

Siku ya pili alikuja na santuri yake moja, ambayo na mimi nilikuwa na nakala yake, mojawapo ya zile mbili za Bibi Zaituni. Akaomba azipige zote mbili. Alisikiliza ya kwake mpaka mwisho, akasikiliza yangu mpaka mwisho. Akanilipa yangu bila kubishana bei, na mimi nikazipokea zile fedha, maana ilikuwa wiki ya karo yako. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akaipangusa ile yangu vizuri, pande zote, kwa kuzungusha, kama tunavyofanya kabla ya kuweka sindano. Nilidhani anataka kuisikiliza tena. Akaiweka juu ya goti, akaibonyeza kwa mikono miwili.

Kelele yake ni ndogo. Ungekuwa uani usingesikia.

"Bwana," nikasema, "mbona hivyo?"

Aliviokota vipande vyote, hata vile vidogo, akavifunga ndani ya kile kitambaa. Ana mikono safi sana, umeiona. "Mzee Yona," akasema, kwa upole, kama anayemweleza mtoto, "zikiwa mbili ni bidhaa. Ikiwa moja ni mali. Mnunuzi wangu wa ng'ambo anataka kitu ambacho jirani yake hana."

"Lakini umelia."

"Nitaililia tena. Ile nzuri ninayo."

Kuvunja kwenyewe kungenipita. Mimi mwenyewe nimevunja vitu vya watu, fundi asiyevunja hajaanza kazi. Kinachonirudia ni kule kuipangusa kwanza.

Wewe ulikuja baadaye kidogo, ukatukuta tunakunywa soda, na yeye akakupima. Aliweka santuri bila kukuonyesha jalada, akakuuliza ngoma ngapi zinasikika. Ukazitaja zote, na ukamwambia moja imepasuka ngozi. Alikutazama kama alivyokuwa anatazama zile santuri. Kabla hajamaliza soda alikuwa amekupa kazi: kwanza Dar, kisha vijiji vyote vilivyoachiwa mafungu na kambi zile, kisha, ukionekana unafaa, ndege ya kwenda Brazili kuokoa kilichobaki maghalani.

Jioni yake nilikueleza nilichokiona. Nakumbuka ulivyojibu, kwa sababu ulijibu vizuri.

"Baba, aliinunua. Ni yake."

"Ndiyo, ni yake."

"Na wewe ulizianika juu ya bati. Umeua nyingi kuliko yeye."

"Mimi nilikuwa mjinga."

"Sasa kati ya mjinga na mjuzi, santuri ziko salama kwa nani?" Ukacheka, nami nikacheka, kwa sababu nilikufundisha mwenyewe kubishana. Ukaongeza, "Baba, wewe kila gari jipya unaliona jeneza."

Hilo nalo ni kweli. Wakati huo nilikuwa sijarudi Busi.

Wiki iliyopita, mlipokuwa mnahangaika na begi na vyeti, nilikuambia napeleka redio Kondoa. Niliipeleka, kisha nikapanda lori la magunia mpaka Busi, kumsalimia Bibi Zaituni na kumwambia kwamba yule mtoto aliyeinama sasa ni mtu mzima, anaondoka. Nilifikiri atafurahi.

Nililisikia shamba kabla ya kuliona. Ni sauti kama mvua inanyesha mahali pamoja. Kwelea walikuwa wameshuka, na mtama ulikuwa umeinama kwa uzito wao. Kamba zilikuwepo, mwanangu, zimefungwa mti kwa mti kama zamani, na hazikuwa na kitu. Hata makopo hayakuwepo. Upepo ulikuwa unazitikisa.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Amekonda.

"Shikamoo bibi."

Alizitazama zile kamba kwanza, ndipo akaitikia. "Marahaba. Umekuja kuchukua na kamba?"

Nikakaa chini. Akanieleza bila hasira, na hilo lilinishinda. Gari lilikuja, jeusi, safi. Akashuka mtu mwenye mikono safi, akamwambia, "Habari." Mtu wa rika la wanawe, "habari," amesimama. Bibi akataka kumfukuza. Yule mtu akasema, "Nimetumwa na Fundi Yona wa Makole."

"Nikamwambia, ungeanza na hapo, mwanangu," akasema Bibi Zaituni. "Nikampa kigoda."

Alilipa vizuri, alisema. Alizishusha zote, akazitazama moja moja juani, akazijaribu kwenye pleya aliyokuja nayo, akachagua moja. Zilizobaki, nadhani ni zile alizokuwa na nakala zake, alizipangusa, akazivunja pale pale kwenye jiwe la kusagia, moja baada ya moja. Bibi akamwambia zile zisizofaa azirudishe basi kwenye kamba, yeye hazihitaji ziimbe. Yule bwana akamwambia asiwe na wasiwasi. Makopo yalikuwa yanapiga kelele, yakimsumbua kusikiliza, akawaambia watu wake wayakate nayo.

"Nilidhani unajua," Bibi akaniambia. "Nilidhani wewe na yule mtoto mmeona ni vyema."

"Hatukujua, bibi."

"Sasa nimejua kwamba hamkujua. Lakini ndege walishajua zamani."

Fedha alizolipwa zilikuwa bado zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alinionyesha fundo. Alisema ukitembea kutoka pale siku nzima huwezi kupata mtu wa kukuuzia mtama, kwa sababu wote wanaokaa njia ile walitembelewa na lile gari. Nilimwachia nilichokuwa nacho, na Jumamosi nimempelekea madebe mawili ya uwele kwa lori lile lile. Mama yako ndiye aliyeyafunga. Hakuuliza ni ya nani mpaka alipomaliza kushona mdomo wa gunia. Nikamwambia yote.

Nikamwuliza, "Nimzuie?"

"Ukimzuia atakwenda, na hatarudi," akasema. "Ukimwacha atakwenda, na labda."

"Labda nini?"

"Labda."

Kwa hiyo sikuzuii, Lameki. Ninakuandikia nilichokiona, kwa sababu humu kibandani nimekufundisha kwamba kifaa kikiwa na kasoro unamwambia mwenyewe kabla hajakiwasha. Wewe unadhani Bwana Desideri amekuajiri kwa sikio lako. Sikio analo, tena linashinda lako na langu. Gari analo. Fedha anazo. Kitu asicho nacho ni mlango wa nyumba ya mtu kama Bibi Zaituni. Alitumia jina langu, na jina langu sasa limekwisha kazi, kuanzia Busi mpaka huku. Alikuangalia siku ile ya soda ulipomwamkia mama yako hapo uani, mimi nilimwona akikuangalia. Aliacha kunywa. Anachokihitaji kwako ni ile shikamoo yako, jinsi unavyoinama na kungoja. Itamfungulia vijiji vyote, na baada yake, kwenye maghala ya Brazili hatakuhitaji wewe wala mimi.

Ninaweza kuwa nimekosea. Orodha ya niliyokosea unaijua, baadhi tulipakuliwa karanga ndani yake. Pengine utafika huko, uyaone maghala, ukiwa umeokoa hata kumi za huku kwetu, na siku moja vijana wa kwao wakuulize hizi mlizipata wapi, useme, kwenye mtama wa kwetu. Ningependa sana. Ninalitamani hilo kiasi kwamba siliamini.

Kuna jambo moja la mwisho. Ile santuri ya Zeka, yenye kiti kitupu uani. Bwana Desideri ana nakala yake, ndiyo aliyoanzia maisha yake ya kukusanya, na ameniuliza mara tatu kama na mimi ninayo. Nilimwambia ililiwa na mchwa. Alijibu, "Pole," akatazama dari, akatazama chini ya meza, akaondoka. Na leo jioni, wewe ulipokuwa umetoka, gari lake limepita hapa mbele taratibu sana. Halikusimama. Alishusha kioo kidogo, nadhani alitaka kusikia kama kuna kitu kinapigwa.

Hakuna kilichopigwa. Iko kwenye begi lako. Nimeiweka katikati, ndani ya shuka alilokupa mama yako, kati ya mbao mbili nyembamba, na barua hii iko juu yake. Ukiisoma, umeshaiona. Ningeweza kuificha hapa nyumbani, lakini nimeficha vitu vingi na vyote nimevikuta vimepinda.

Siku moja atajua unayo. Utamwambia mwenyewe, kwa kuringa, kama nilivyoringa mimi. Ataziweka mezani, yako na yake. Atazipiga zote mbili, na ile ngoma itakapolia, naye atalia, na machozi yatakuwa ya kweli, usiyadharau. Atasema mbili ni nyingi. Yeye hatainuka kwenye kiti siku hiyo. Atatoa kitambaa mfukoni, na atakupa wewe.

Mimi sitakuwepo, na sitaki uniandikie ulichofanya. Sitamwuliza mtu. Ila siku utakayorudi, kabla hujavua viatu, kabla hujamtazama mama yako, njoo hapa mlangoni uniamkie. Maisha yangu yote nimesikiliza mikwaruzo. Ule wa sindano, ule wa vumbi, na ule ambao uko ndani ya santuri yenyewe na hautoki hata ukiosha. Nitasikia.

Nimesimamisha kalamu kwa sababu umerudi. Nimekusikia langoni unacheka na watu, ukapita dirishani, ukaniona nimeinamia redio ya mwalimu, ukasema, "Shikamoo baba." Ukangoja, na mimi kwa makusudi nikachelewa kuitikia, ili uendelee kusimama pale.

Shikamoo hiyo nimeihifadhi. Ndiyo nitakayopimia ile utakayorudi nayo, maana ninayo hiyo moja tu.

Baba yako,
Yona